Kalamu Yenye Mwenyewe: Habari za Homer Davenport, Mchora Vibonzo



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma wenziwe walipokwisha kutoka. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akatukabidhi bila ya kusema neno. Ndani yake palikuwa na picha aliyoichora kijana wake kwa kalamu ya wino: mgombea mmoja wa kiti cha wadi yetu, tumbo limefura kama kiriba cha maji, na mifukoni mwa koti lake wachungulia watu wadogo wadogo, wake kwa waume, wanalia. Hapakuwa na jina, wala halikuhitajika. Tulicheka kabla hatujaweza kujizuia. Kisha tukaona haya, maana mtu yule twamjua, na wanawe wasoma chuo kimoja na wajukuu zetu.

“Shekhe,” akasema yule mama, “wamemjia watu wa upande wa pili. Wataka awachoree picha kama hii kila wiki hata uchaguzi upite, na watamlipa. Baba yake asema aichukue kazi, riziki haikataliwi. Mimi moyo wangu wasita. Nimzuie?”

Hatukumjibu siku ile. Mas-ala ya kuchora sura za viumbe yana maneno marefu ya wanavyuoni, na wasomaji wetu wanajua tumeyagusa mara nyingi. Lakini silo aliloliuliza mama huyu. Yeye aliuliza juu ya kalamu iliyokodiwa na upande mmoja ili imchome mtu wa upande mwingine. Tulipofika nyumbani tulikumbuka habari za Mmarekani mmoja tuliyesoma maisha yake zamani, kwa sababu ya farasi kwanza, wala si kwa sababu ya siasa. Tukaona habari zake zina jibu, au angalau zina swali lililo sawa na la mama yule. Ndizo twazileta leo.

Homer Calvin Davenport alizaliwa tarehe 8 Machi 1867 katika vilima vya Waldo, karibu na mji mdogo wa Silverton, jimbo la Oregon, huko magharibi ya Marekani. Baba yake, Timothy Davenport, alikuwa mkulima na mtu wa siasa, mmoja wa walioasisi chama cha Republican katika jimbo lile. Mama yake akiitwa Florinda. Na ni huyu mama aliyeanzisha mambo yote.

Bibi Florinda alikuwa msomaji wa Harper's Weekly, jarida la New York, na ndani ya jarida lile alimpenda mchoraji mmoja kuliko waandishi wote: Thomas Nast. Huyu Nast, mzaliwa wa Ujerumani, ndiye aliyekuja kulipiga vita kundi la William Tweed, bwana mkubwa wa siasa za New York aliyezifyonza fedha za mji. Inasimuliwa kwamba Tweed hakuziogopa makala za magazeti kwa kuwa wengi wa wapiga kura wake hawakujua kusoma, bali aliziogopa picha, kwani macho kila mtu anayo. Tweed alipotoroka gerezani akakimbilia Hispania, husemwa kwamba walimtambua huko mwaka 1876 kwa picha za Nast. Mama wa shambani, mbali kabisa na New York, alizitazama picha za mtu huyu akaona ndani yake kazi yenye heshima.

Mwaka 1870 ndui iliingia nyumbani mwao. Homer alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mama yake alipoona kwamba haponi, alimuusia mumewe: mtoto huyu mlee awe mchora vibonzo.

Tuliposoma habari hii mara ya kwanza tulisimama hapo muda. Twazijua wasia za mama: ahifadhi Kitabu, atunze dada zake, asiuze shamba. Wasia wa kuwa mchora vibonzo hatujapata kuusikia. Lakini la kustaajabisha zaidi ni baba. Mzee Timothy, mtu wa jembe na mikutano ya chama, hakuusahau wasia wa marehemu wala hakuudharau. Mtoto alipochora alimwachia achore, na akahamisha jamaa yake kutoka shambani kwenda Silverton ili kijana aone watu na sura nyingi zaidi. Ni wazazi wangapi kwetu waonao mtoto akichorachora pembezoni mwa daftari wakafikiri lolote ila kumnyang'anya kalamu?

Kijana mwenyewe, hata hivyo, hakuwa na haraka. Alipenda wanyama kuliko shule. Miongoni mwa vitu alivyovithamini utotoni ni mkebe mtupu wa dawa ya kuchua, uliochorwa picha ya farasi wa Kiarabu. Aliusafisha akauweka kama mtu awekavyo pambo la sebuleni. Mkebe huo tafadhali ukumbukeni.

Alijaribu kazi moja baada ya nyingine. Alipanda farasi wa mashindano. Alichochea moto katika garimoshi. Aliingia hata katika sarakasi akawa mchekeshaji. Magazeti ya Portland yalimchukua kidogo yakamwacha. Sanaa hakufundishwa na mtu, na walioziona kazi zake za mwanzo walisema inaonekana. Mapema katika miaka ya 1890 alipata nafasi katika San Francisco Examiner, gazeti la tajiri kijana William Randolph Hearst, kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki. Hapo napo hakukaa sana.

Mwaka 1893 alikuwa Chicago, akichora gazetini, na mwaka huo huo akamwoa Daisy Moor. Chicago siku zile ilikuwa na maonyesho makubwa ya ulimwengu, na kundi moja kutoka dola ya Uthmani lilileta farasi wa Sham. Davenport alikuwa kila apatapo nafasi huenda kuwatazama. Kazi yake Chicago ikaisha, na yeye mwenyewe aliamini kwamba farasi wale ndio waliomponza. Aliporudi San Francisco mkono wake ulikuwa umekomaa, vibonzo vyake vikamfikia Hearst mwenyewe, na Hearst aliponunua gazeti la Journal mjini New York mwaka 1895 alimchukua pamoja naye.

Hapa ndipo kalamu ilipopata mwenyewe.

Uchaguzi wa urais wa 1896 uliwakutanisha William McKinley wa Republican na William Jennings Bryan wa Democratic. Magazeti makubwa ya upande wa mashariki karibu yote yalimuunga mkono McKinley. Journal la Hearst lilisimama karibu peke yake na Bryan. Nyuma ya McKinley alikuwapo mtu mmoja, Mark Hanna wa Cleveland, tajiri wa makaa, chuma na meli, aliyeendesha kampeni kwa ustadi ambao Marekani ilikuwa haijauona. Alikusanya kwa makampuni na mabenki kiasi cha dola milioni 3.5, fedha zisizosikika katika kampeni za zama zile. Hearst alimtaka Davenport amchore mtu huyo.

Davenport alimchora. Alimfanya jitu nene, shingo imezama mabegani, ndevu za mashavuni zimeteremka kama za nyani, na mwili mzima umevikwa suti iliyojaa alama za dola badala ya miraba. Alama ile ya dola ikawa kama muhuri: mtoto wa mtaani aliyeiona suti alijua ni Hanna kabla hajatazama uso. Kando yake McKinley alikuwa mdogo, kama mtoto au kikaragosi katika mkono wa mwenye kukichezesha. Wiki kwa wiki, picha juu ya picha, jitu lile lilikanyaga wafanyakazi, likaketi juu ya wanyonge.

Je, ilikuwa kweli? Swali hili twawaomba wasomaji wetu wasilipite haraka. Kwamba Hanna alikusanya mamilioni kwa matajiri, ni kweli. Kwamba fedha zile zingedai malipo yake baadaye, mtu mwenye akili ana haki ya kuhofu. Lakini Hanna, miongoni mwa matajiri wa zama zake, alijulikana kuwa si mbaya kwa wafanyakazi wake. Alikubali kuketi na viongozi wao, na miaka yake ya mwisho aliongoza jumuiya iliyotafuta suluhu baina ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Hilo halikuingia katika picha. Lisingeweza kuingia. Suti ya alama za dola haina mfuko wa kutilia jambo kama hilo.

Imepokewa kwamba Hanna alipoonyeshwa picha moja inayomfanya mkanyagaji wa wanawake na watoto, aliumia sana, akamwambia aliyekuwa naye kwamba kuonyeshwa mbele ya ulimwengu kuwa muuaji wa watoto kunachoma. Nasi twamwamini. Mtu akizoea siasa huzoea matusi, lakini picha haina mlango wa kujibia. Neno hujibiwa kwa neno. Aliyechorwa nyani atajibu nini? Atasema “mimi si nyani”?

Tuna jambo letu hapa, na kwa kuwa tumewauliza wengine hatuna budi kulisema. Tulipokuwa chuoni, umri wetu kama miaka kumi, tulimchora mwalimu wetu kwa mkaa nyuma ya ubao. Tulimpa kilemba kikubwa kuliko kichwa, bakora ndefu, na pua kama mdomo wa mwewe. Wenzetu waliangua kicheko hata mwalimu akaja kuona kuna nini. Tulitoa kiganja tayari kwa bakora. Hakutupiga. Aliushika ubao akautazama muda mrefu, akauliza, “Huyu ni mimi?” Tukanyamaza. Akaigusa pua ile ya mkaa kwa kidole, akasema, “Pua hii ni ya marehemu mama yangu. Kila mtu husema nimefanana naye.” Kisha akaurudisha ubao akaendelea na somo. Ni miaka arubaini na zaidi sasa, na bakora zote tulizopata kuchapwa tumezisahau.

Tumrudie Davenport. McKinley alishinda, kura 271 za wajumbe kwa 176 za Bryan. Picha zote zile hazikumzuia. Hanna akaingia Seneti mwaka uliofuata, na kibonzo kikamfuata huko. Davenport alikwisha kuwa mtu maarufu, mmoja wa wachora vibonzo waliolipwa fedha nyingi zaidi ulimwenguni. Akaumba jitu jingine, zimwi kubwa lenye misuli, lisilovaa ila sketi ya majani, na hilo lilikuwa ni “Trust”, yaani ushirika wa makampuni makubwa yaliyoungana ili kuhodhi biashara ya mafuta, chuma au sukari na kupanga bei wapendavyo. Jitu hili, kwa maoni yetu, lilikuwa kazi ya haki kuliko lile la kwanza. Halikuwa na mama wa kufanana naye pua. Lilikuwa sura ya jambo ambalo mwananchi hulihisi katika bei ya mafuta ya taa lakini haoni nani amelifanya.

Wakubwa walichukia. Mwaka 1897 katika bunge la jimbo la New York uliletwa mswada wa kuwapiga marufuku wachora vibonzo wasichapishe sura ya mtu bila ya idhini yake. Nyuma yake alikuwapo Thomas Platt, bwana wa siasa za jimbo lile, ambaye naye Davenport alikuwa hamwachi. Mswada haukuwa sheria. Twafurahi kwamba haukuwa, ingawa tumeyasema tuliyoyasema juu ya Hanna. Ruhusa ikiwa mkononi mwa mwenye kuchorwa, mwizi wa fedha za umma atakuwa wa kwanza kukataa idhini.

Na iko picha moja ambayo akina mama wetu wataipenda. Mwaka 1898 Admirali George Dewey aliishinda meli za Hispania katika ghuba ya Manila, akawa shujaa wa taifa. Wananchi walichanga wakamnunulia nyumba Washington. Kisha Dewey akaoa, na ile nyumba akaiandikisha kwa jina la mke wake. Watu wakawaka! Yule waliyemjengea matao ya ushindi jana, leo wanamzomea kwa sababu amempa mkewe nyumba. (Sisi katika fikihi yetu hiba kwa mke ikishakabidhiwa imekwisha, na tungewashangaa hao wenye kuzomea.) Davenport hakujiunga na kundi. Mwishoni mwa 1899 alimchora Dewey yule yule akiwa juu ya meli yake siku ya vita, amesimama wima, ili kuwakumbusha watu walichokuwa wamekisahau. Hakumchora mke, wala nyumba. Husemwa kwamba hasira za watu zilipoa baada ya picha ile. Basi kalamu ile ile iliyojua kuchoma ilijua na kufunika. Hakuna chama kilichokuwa kimemkodi kwa picha hiyo, na pengine ndiyo sababu.

Septemba 1901 McKinley, rais aliyekwisha chaguliwa mara ya pili, alipigwa risasi mjini Buffalo akafa baada ya siku chache. Magazeti ya Hearst yalilaumiwa vikali kwa yale yaliyokuwa yakimwandikia na kumchorea miaka yote ile. Muuaji alikuwa na fikira zake mwenyewe, na si haki kumtwisha Davenport damu ile. Lakini mtu aliyemchora mwenzake miaka mitano kuwa kikaragosi, siku ya maziko yake hulala vipi?

Aliyeshika urais alikuwa Theodore Roosevelt, naibu wake McKinley, wa chama kile kile. Mwaka 1904 Davenport akafanya lililowashangaza wengi: alimwacha Hearst akaenda New York Evening Mail, gazeti la Republican. Na katika kampeni ya mwaka huo akachora picha iliyoenea kuliko zote alizopata kuchora: Mjomba Sam, ile sura ya Marekani yenyewe, amemwekea Roosevelt mkono begani, akiwaambia watazamaji kwamba mtu huyu anamtosha. Chama kiliisambaza nchi nzima. Roosevelt alishinda kwa wingi.

Hapa wasomaji wamegawanyika tangu zamani, na sisi wenyewe nyumbani tuligawanyika tulipoizungumza. Binti yetu alisema: “Alinunuliwa. Jana Republican ni nyani, leo ni mpenzi wa taifa.” Si neno la kupuuzwa. Lakini Roosevelt ndiye rais aliyelipeleka mahakamani shirika la Northern Securities, muungano mkubwa wa reli, na mwaka huo huo wa 1904 Mahakama Kuu ikaamuru livunjwe. Yaani lile zimwi lenye sketi ya majani, aliyethubutu kulishika mkono alikuwa ni Roosevelt. Huenda basi mchoraji alibaki alipokuwa, na vyama ndivyo vilivyozunguka. Huenda pia mshahara ulisaidia. Mwanadamu aweza kuwa na sababu mbili, moja ya kusema hadharani na moja ya kukaa nayo.

Na shukrani ya Roosevelt ndiyo iliyofungua mlango wa yale tuliyoyapenda sisi.

Davenport hakuwa amesahau mkebe wa utotoni. Alikuwa na shamba Morris Plains, New Jersey, limejaa farasi na ndege wa nchi za mbali. Alitaka farasi wa Kiarabu halisi, kutoka jangwani kwenyewe. Dola ya Uthmani ilikataza farasi jike wasitolewe nchini. Roosevelt alimwandikia barua ya kumtambulisha, na Sultan Abdulhamid II akatoa idhini ya farasi wachache. Mwaka 1906, kwa fedha za tajiri Peter Bradley, Davenport na wenzake wawili wakasafiri hadi Istanbul, na kutoka hapo hadi Halab.

Mjini Halab alikuwapo mtu mzima ambaye jina lake Davenport aliliandika Akmet Haffez, nasi twalisoma Ahmad Hafidh, aliyekuwa kiungo baina ya serikali na Mabedui wa kabila la Aniza. Davenport, kwa haraka yake na kutojua kwake, alikwenda kumwamkia mzee huyu kwanza kabla ya kwenda kwa gavana, Nazim Pasha. Kwa desturi ya mji lilikuwa kosa. Kwa mzee lilikuwa heshima ambayo hakupata kufanyiwa. Naye alimlipa kwa namna ya Kiarabu: alimpa Wadduda, farasi jike wa vita aliyesifika jangwani. Jina lake wasomaji wetu hawahitaji kufasiriwa. Habari zikamfikia gavana. Gavana naye hakutaka ashindwe kwa ukarimu, akampa dume lake maarufu, aliyeitwa kwa jina la mji wenyewe, Haleb.

Basi mtu aliyekuja na kibali na fedha alijikuta amepewa bure wawili walio bora. Mzee Ahmad aliongozana naye hadi kwa Aniza, wakala pamoja, wakalala hemani, na mwisho wakafanya kiapo cha udugu. Davenport alirudi na farasi 27, wengi kuliko alivyotazamia mwenyewe. Wadduda alisafiri na kijana wa Kibedui aliyeitwa Said Abdallah, ambaye alikubali kuuacha umri wake wote nyuma akavuka bahari kwa ajili ya farasi mmoja. Tumejaribu kumfikiria kijana huyu katika baridi ya New Jersey, hapana adhana wala mtu wa kusema naye lugha yake, kiganja chake shingoni mwa Wadduda. Habari za mchoraji zimeandikwa nyingi; tungependa kusoma zake.

Mwaka 1907 Haleb alishiriki mashindano ya Vermont dhidi ya farasi wa nasaba ya Morgan, fahari ya Wamarekani wenyewe, akachukua Kombe la Justin Morgan. Mwaka 1908 Davenport akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha farasi wa Kiarabu cha Marekani, na mwaka 1909 akachapisha kitabu cha safari yake. Soma majina ya farasi aliowaleta uone kama hujisikii nyumbani: Hamrah, Farha, Antar. Vizazi vyao wangaliko hata leo, na wafugaji huwaita farasi wa Davenport.

Jambo moja latushughulisha. Mtu huyu aliyejipatia jina kwa kukuza tumbo la mwenzake na kumrefushia ndevu, alipofika kwa Waarabu wa jangwani, watu ambao magazeti ya kwao yalikuwa tayari kuwacheka, hakuwacheka. Aliwaandika na kuwachora kwa adabu. Tumejiuliza kwa nini. Jibu letu ni kwamba alikula chakula chao. Hanna hakupata kumwalika hemani.

Miaka ya mwisho haikuwa mizuri. Vibonzo vyake havikuuma tena kama zamani. Safari, mihadhara na wanyama vilikula fedha na wakati, na nyumba ikalipa. Yeye na Daisy, mama wa watoto wake watatu, waliachana njia kiasi cha 1909, na yeye akaanguka akaugua kwa huzuni, miezi mingi hakuweza kazi. Hatutaingia zaidi katika nyumba ya watu.

Mwaka 1912 alikuwa tena katika gazeti la Hearst, mwajiri wake wa zamani. Usiku wa tarehe 18 Aprili meli ya Carpathia iliingia New York ikiwa na walionusurika wa Titanic. Gazeti lilimtuma bandarini achore. Alisimama pale katika baridi miongoni mwa waliongojea jamaa zao, wengine wakiwapata na wengine wakishuhudia abiria wa mwisho akishuka na hayumo wao. Akachora. Kisha akashikwa na homa ya mapafu, na tarehe 2 Mei akafa, umri wake miaka 45. Hearst alizigharimia tiba na maziko, na mwili ukarudishwa Silverton. Hadi leo mji wa Silverton hufanya sherehe kwa jina lake kila mwaka.

Tulipomaliza kuandika tulimwita yule mama aje na mwanawe. Kijana ana miaka kumi na tisa, mpole, vidole vyeusi kwa wino. Tulimsomea yote, toka mkebe hadi bandarini. Alipokuwa akisikiliza alikuwa akichora kitu gotini mwake, hatukukiona. Mama yake alimtazama asijibu haraka. Mwishowe akauliza jambo moja tu.

“Shekhe, huyo Hanna, kweli alikuwa mnene?”

Tukamwambia ndiyo, alikuwa mnene kiasi, picha zake za kamera zipo. Lakini ile suti hakupata kuwa nayo.

Kijana akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Watu wa upande wa pili wanangojea jawabu lake Jumatatu.